Baiti 4,096 zilizoiangusha kompyuta ya steshenari

Kompyuta ilikuwa ya mezani, Windows 10, diski ngumu ya GB 500, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Kazi yake ilikuwa kuchapa, kuskani na kutunza hesabu za steshenari moja ya Morogoro, karibu na chuo. Ukiiwasha, alama ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka, mashine inajizima na kujiwasha, inadai inaandaa matengenezo ya kiotomatiki, kisha inaishia kwenye skrini ya bluu. Kwenye skrini hiyo kulikuwa na vitu viwili vya maana: jina la faili, \Windows\system32\config\system, na kodi ya kosa, 0xc00000e9.

Historia yake ilikuwa fupi. Jioni Windows ilikuwa inajisasisha, imeandika kabisa kwamba isizimwe, umeme ukakatika. Ukarudi, mashine ikaanza kujiwasha, ukakatika tena. UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, haikuwepo. Asubuhi ndiyo ikawa hivyo. Fundi wa kwanza aliyeitwa aliiangalia, akasema dawa ni kupiga window, yaani kusakinisha Windows upya kabisa. Mwenye duka akagoma, akaniletea mimi.

Swali langu la kwanza kwa mteja huwa ni moja: humo ndani kuna nini ambacho hakipo mahali pengine popote?

"Ripoti za fildi za wanafunzi," akasema. "Wengine wameshalipa na hawajaja kuchukua. Kuna Excel ya madeni. Na kuna programu ya mauzo, kijana aliyeniwekea alishahama mji. Fundi, ukipiga window hiyo programu inarudi?"

"Hairudi, mama."

"Basi usipige."

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyoamua kazi nzima itakwendaje. Katika ufundi wetu kupiga window kumekuwa jibu la kila kitu, kwa sababu ni kazi ya muda unaojulikana na mashine lazima iwake mwishoni. Lakini mteja hanunui kuwaka kwa mashine. Ananunua kazi yake irudi. Hata ile njia ya Windows ya kujirudisha upya huku ikibakiza mafaili yako huondoa programu ulizosakinisha mwenyewe, na hapa programu moja ya mauzo ilikuwa na thamani kuliko mashine yenyewe.

Sasa turudi kwenye kodi. Wengi wakiona jina la faili hilo wanasema "rejista imekufa" na kuanza kutafuta video. Jina la faili ni kweli linaonyesha rejista, daftari ambamo Windows hutunza mipangilio yake: ndani ya folda ya config kuna mafaili SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY na DEFAULT, na SYSTEM ndilo linaloiambia Windows ipakie draiva (programu ndogo za kuendesha vifaa) zipi na ianzishe huduma zipi. Bila hilo hakuna kuwaka. Ila kodi 0xc00000e9 haisemi kwamba rejista imeharibika. Inasema kulitokea hitilafu isiyotarajiwa katika kusoma au kuandika, yaani mfumo uliomba faili na diski ikashindwa kulitoa. Rejista iliyosomeka ikakutwa mbovu ina kodi yake nyingine, 0xc000014c. Tofauti ya kodi hizo mbili ndiyo tofauti ya kuanza na diski au kuanza na Windows, na ukianza na isiyo yenyewe, unaweza kuharibu hata kilichobaki.

Kwa hiyo sikugusa amri yoyote ya kutengeneza. Nilifungua boksi, nikatoa diski, nikaiunganisha kwenye mashine ya kazi niliyoiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi, ili Windows isije ikajitia kuitengeneza diski kabla sijajua hali yake. Kisha nikasoma SMART, kumbukumbu ambayo diski yenyewe huitunza kuhusu afya yake. Kipengele cha 5, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) zilizohamishwa, kilikuwa tayari kimepanda. Diski ilikuwa imeshaanza kuchoka kabla ya umeme kukatika. Kipengele cha 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa, kilisomeka 8.

Hiyo 8 inastahili kutazamwa kwa karibu. Diski nyingi za miaka hii hugawa uso wake katika sekta halisi za baiti 4,096, lakini huziwasilisha kwa kompyuta kama sekta ndogo nane za baiti 512 kila moja. Sekta halisi moja ikishindwa kusomeka, hesabu inapanda kwa nane kwa mpigo. Kwa hiyo nilikuwa na dalili nzuri kwamba tatizo zima linaweza kuwa sehemu moja tu: baiti 4,096 katika diski ya baiti bilioni 500. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, sekta huweza kubaki na data isiyolingana na alama zake za uhakiki, na diski inakataa kuitoa. Wakati mwingine sekta hiyo ikiandikwa upya inapona na haina ubaya wowote. Lakini kwa diski ambayo kipengele cha 5 kimeshapanda sikuwa tayari kubahatisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni. Karibu yote huanza na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Amri hiyo si mbaya, ila kazi yake ni kulinda mfumo wa mafaili, hailindi yaliyomo. Inasoma kila sekta ya diski kutoka mwanzo hadi mwisho, ikikuta isiyosomeka inaiwekea alama na kulihamishia faili kwenye nafasi nyingine, na kile kilichokuwa pale kinabaki pengo. Ikikuta muundo umevurugika, inaweza kung'oa vipande na kuvitupia kwenye folda ya found.000 bila majina. Kwenye diski nzima yenye afya, sawa. Kwenye diski inayougua na ambayo nakala yake haipo, unaitembeza kwa saa nyingi na kuandika juu yake kabla hujaokoa chochote.

Niliomba mteja anunue SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Alitaka ya GB 480 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu zaidi dukani. Nikamwambia achukue ya 512, na sababu si uchuuzi: nilikusudia kunakili diski sekta kwa sekta, na diski ya GB 500 haiingii kwenye ya 480. Ungeweza kupunguza maeneo ya diski kwanza yaingie, lakini hilo ni kuiandikia diski mgonjwa, na ndilo nililokuwa nalikwepa.

Unakili ulifanywa na ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Kabla ya kubonyeza chochote nilitumia lsblk, amri ya kuorodhesha diski, kuhakiki ipi ni ipi: ya zamani ilisomeka 465.8G, mpya 476.9G. Ukigeuza mwelekeo hapa, unaandika utupu juu ya ripoti za wanafunzi, na hilo halina kurudi nyuma. Mzunguko wa kwanza, sdb ikiwa ya zamani na sdc mpya:

ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.log

Hapo inachukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka penye taabu, huku ikiandika kwenye faili la ramani ni wapi imeruka. Ikamaliza baada ya karibu saa mbili. Mzunguko wa pili, kwa -d -r3, unarudi kwenye penye taabu peke yake na kujaribu tena. Mwishoni kilichobaki bila kusomeka kilikuwa baiti 4,096 kamili. Ile nane ya SMART ilikuwa imesema kweli.

Nilizima, nikaiweka diski ya zamani kwenye mfuko na kuandika tarehe juu yake. Haikuguswa tena. Kuanzia hapo matengenezo yote yalifanyika juu ya nakala, na kosa lolote lingeweza kufutwa kwa kunakili upya. Kutoka kwenye hiyo SSD nilihamisha kwanza nyaraka za mteja kwenda diski ya nje, nikafungua ripoti kadhaa na ile Excel ya madeni kuhakikisha zinafunguka kweli, ndipo nikaifunga SSD ndani ya kompyuta na kuiwasha.

Haikuwaka. Lakini kodi ilikuwa imebadilika: 0xc000014c.

Kwa mteja hiyo ilikuwa skrini ileile ya bluu. Kwangu ilikuwa habari njema, kwa sababu diski sasa inatoa faili bila kugoma, na lililobaki ni ubovu wa faili lenyewe. Nililifungua SYSTEM kwa programu ya kutazama baiti ili nione kwa macho. Faili la rejista huanza na herufi nne, regf. Kisha limegawanyika katika mapipa, kila pipa likianza na hbin, mara nyingi kila baada ya baiti 4,096 au mafungu ya namba hiyo. Nikashuka nalo: hbin, hbin, hbin, halafu sehemu ya katikati ikawa sifuri tupu, mstari baada ya mstari, baiti 4,096 zake, kisha hbin ikaendelea kama kawaida. Sekta moja iliyokufa ilikuwa imedondokea ndani ya faili ambalo Windows haiwezi kuwaka bila hilo. Ingedondokea kwenye picha ya mteja, pengine asingegundua mpaka mwaka kesho.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Windows haikujiponya, wakati NTFS, mfumo wake wa kupanga mafaili kwenye diski, ina shajara ya mabadiliko. Shajara ya NTFS hulinda muundo: majina, folda, nani anamiliki nafasi ipi. Yaliyomo ndani ya faili haiyalindi. Ndiyo maana rejista ina kinga yake ya pili, mafaili SYSTEM.LOG1 na SYSTEM.LOG2, yanayofanya kazi kama karani anayeandika muamala kwenye rasimu kabla ya kuuingiza kwenye leja. Umeme ukikatika katikati, Windows inasoma rasimu na kumalizia. Lakini rasimu ina mabadiliko ya karibuni tu. Ukurasa wa zamani wa leja ukichanika, rasimu haina cha kuurudishia.

Sasa linakuja lile jambo linalonisukuma kuandika kisa hiki kwa urefu. Ushauri maarufu kuliko wote kwa tatizo hili ni kwenda kwenye folda ya RegBack, ghala la nakala za rejista lililomo ndani ya config, na kunakili mafaili yake juu ya yale mabovu. Kwa Windows 7 ushauri huo ulikuwa dhahabu, umeokoa mashine nyingi. Kuanzia Windows 10 toleo la 1803, Microsoft waliacha kuhifadhi nakala hizo kiotomatiki, ili kupunguza nafasi ya diski inayotumika. Folda bado ipo. Mafaili bado yapo, yenye majina yaleyale. Ila ukiandika dir, amri ya kuorodhesha mafaili na ukubwa wake, ndani yake, yanasomeka baiti 0. Ukifuata video ya zamani neno kwa neno, unachukua mafaili matupu na kuyaandika juu ya SOFTWARE, SAM na SECURITY ambayo yalikuwa mazima. Ulikuwa na ukurasa mmoja uliochanika, sasa huna leja. Programu ya mauzo ya mteja wangu, orodha yake yote ya usakinishaji ilikuwa ndani ya SOFTWARE. Niliangalia RegBack yake: sifuri kwa zote tano. Tafadhali, fundi mwenzangu, andika dir kwanza na usome ukubwa kabla ya kuandika copy.

Kilichobaki kilikuwa kituo cha kurejesha mfumo, yaani hali ya Windows ya siku ya nyuma iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia. Kwenye mashine nyingi za Windows 10 ulinzi huu umezimwa tangu mwanzo, na sikutegemea sana. Lakini aliyeiandaa mashine hii kabla ya kuuzwa alikuwa ameuwasha, Mungu ambariki popote alipo. Nilibuti kwa flashi ya Windows, nikachagua kutengeneza kompyuta badala ya kusakinisha, nikafungua sehemu ya kurejesha mfumo, na kituo kimoja kilikuwepo, cha kabla ya sasisho lililokatishwa. Hapa ndipo unakili wa sekta kwa sekta ulipolipa. Vituo hivi hukaa kama nakala kivuli ndani ya folda iliyofichwa ya System Volume Information, vimefungamana na mpangilio wa diski yenyewe. Ningehamisha mafaili kwa kukopi na kubandika, nakala kivuli zisingehama.

Urejeshaji ulikubali. Sikukimbilia kuiwasha, kwa sababu nilikuwa na rejista ya wiki iliyopita na mafaili ya mfumo yaliyoachwa nusu njia na sasisho. Nilifungua dirisha jeusi la amri kwenye mazingira yaleyale ya matengenezo. La kwanza pale ni herufi za diski: ukibuti kwa flashi, herufi si zile ulizozoea. Kwa kutumia diskpart na list volume niliona eneo dogo la mfumo limechukua C, na Windows yenyewe iko D. Mtu anayeandika C kwa mazoea anaambiwa hakuna kitu, anadhani Windows imefutika, anapiga window kwa huzuni.

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Amri hiyo, inayokagua na kutengeneza mafaili ya mfumo, ikakataa, ikisema kuna matengenezo yanayosubiri kukamilishwa na mashine iwashwe upya kwanza. Wengi huishia hapa, maana mashine haiwaki na sharti ni iwake. Njia ni kutumia dism, chombo cha Windows cha kutengeneza mfumo, kuiamuru iachane na yale yaliyokuwa yanasubiri:

dism /image:D:\ /scratchdir:D:\Muda /cleanup-image /revertpendingactions

Hiyo folda ya Muda niliitengeneza mwenyewe kwanza. Katika mazingira ya matengenezo unafanyia kazi diski X iliyo ndani ya RAM, yenye nafasi ndogo mno, na dism ikikosa pa kutandaza kazi yake huanguka kwa makosa yasiyoeleweka. Ukiipa folda kwenye diski halisi, inapumua.

Amri ikakubali. Nikairudia sfc, safari hii ikatembea mpaka mwisho, ikasema imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyatengeneza. Nikatoa flashi, nikawasha. Ikakaa muda ikisema inarudisha mabadiliko nyuma, kisha ukaja ukurasa wa kuingia, na picha ya binti yake kwenye desktopu.

Kuwaka hakukuwa mwisho wa kazi. Ndani ya Windows nilipitisha dism /online /cleanup-image /restorehealth, ambayo hukagua ghala la mafaili ya mfumo na kuchukua mazima kutoka Microsoft kupitia intaneti kufidia mabovu, kwa hiyo mteja aandaliwe kwamba bando litatumika. Baada yake sfc /scannow kwa mara nyingine, ikatoka safi. Ndipo nikaliruhusu lile sasisho lililokatishwa lianze upya, mashine ikiwa karakana kwangu na UPS chini yake, likakamilika.

Programu ya mauzo ilifunguka na rekodi zake. Ripoti za fildi zote zilikuwepo. Kilichopotea ni kimoja: draiva ya skana aliyonunua siku chache kabla ya tukio, kwa kuwa kituo cha kurejesha kilikuwa cha kabla yake. Urejeshaji wa mfumo hauondoi nyaraka zako, lakini programu na draiva zilizoingia baada ya tarehe hiyo huondoka, na mteja aelezwe mapema asije akadhani umemwibia kitu. Tuliisakinisha upya palepale.

Angekuwa na kompyuta mpakato ya kisasa, pengine kungekuwa na hatua moja zaidi. Nyingi huja diski ikiwa imesimbwa kwa BitLocker, na ukiigusa kutoka nje inadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Mteja asiyekumbuka akaunti hiyo hana data, hata fundi awe nani. Yake haikuwa imesimbwa.

Kabla hajaondoka nayo tulifanya mambo matatu. Alinunua UPS ndogo, na nikamwonyesha kwamba printa ya leza haichomekwi kwenye upande wa betri, maana inavuta umeme mwingi kwa mpigo inapopasha na inaweza kuizimisha UPS yote. Tuliweka nakala ya folda ya mauzo na ya ripoti kwenye diski ya nje, anayoichomeka kila jioni akifunga hesabu kisha kuichomoa. Na ile RegBack niliiwasha. Microsoft wameacha mlango wazi kwa anayeitaka: kwenye rejista, chini ya HKLM\System\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Configuration Manager, unaongeza thamani ya DWORD iitwayo EnablePeriodicBackup na kuipa 1. Baada ya kuwashwa upya Windows huanza tena kuweka nakala za rejista, na huunda kazi ya ratiba iitwayo RegIdleBackup ya kuziendeleza. Nilipoandika dir safari hii, mafaili yote matano yalikuwa na ukubwa wake.

Diski ya zamani niliirudisha kwake na mfuko wake, nikamwomba asiifute wala kumpa mtu mpaka mwezi upite na ahakikishe hakuna ripoti inayodaiwa na mwanafunzi ambayo haionekani.